Kifuniko cha Distributa Jikoni kwa Bibi

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, Njombe imejaa ukungu, meno yanagongana kwa baridi, nami nimevaa suti ya kuazima. Natakiwa nimchukue Elizabeti nikamwoe Makambako. Ndiyo, mwanangu, mama yako huyohuyo anayecheka hapo. Enzi hizo za Mwingereza mchungaji alifika Makambako mara chache. Akiondoka adhuhuri ile, tungesubiri mpaka mvua zipite. Na lori la tajiri wangu lilikataa kuwaka palepale uani kwao.

Nilizungusha hendeli mpaka nikatoka jasho. Kimya. Basi nikafungua plagi, zile zinazotoa cheche ndani ya injini, nikazipeleka jikoni kwa bibi yake Elizabeti, nikazilaza kando ya makaa, kama tulivyofanya madereva wote wa huko wakati wa baridi. Kaure nyeupe ya plagi haijali moto. Nikatazama na kifuniko cha distributa, kile cheusi kinachogawa umeme kwenda kwenye plagi. Ndani kimelowa ukungu, umeme unapotelea majini. Nikakiweka nacho palepale.

Bibi alikuwa mfinyanzi. Akanusa.

"Wewe bwana harusi, hivyo vyeupe ni udongo uliochomwa, udongo naujua. Hicho cheusi kinanuka. Kitoe!"

"Bibi, mambo ya motokaa niachie mimi."

Weee! Nilijiona fundi kweli. Nilipofunga vyote na kuzungusha, lori likalipuka "Pwaa!", kuku wakatawanyika, mashangazi waliokwisha kupanda nyuma wakapiga mayowe, kisha kimya tena. Nikafungua kifuniko: ndani pameungua mstari mweusi. Kimetengenezwa kwa utomvu wa kiwandani uliochanganywa na unga wa mbao. Kikiwa kikavu huzuia umeme. Kikiungua hugeuka mkaa, na mkaa huupitisha ovyo. Baba mkwe akatazama jua. Nilitaka kulia, sikufichi.

Nikarudi kwa bibi nimeinamisha kichwa, nikamweleza.

"Kama tatizo ni mkaa, si uukwangue?" Akanipa kisu chake cha kulainishia vyungu. Nikakwangua taratibu, nikafuta vumbi. "Sasa ukungu usikiloweshe tena, kipashe kwapani. Humo hakiungui." Nikakikumbatia ndani ya suti ya watu, mashangazi wanakufa kwa kicheko.

Lori likanguruma! Makambako tulimkuta mchungaji ameshashika baiskeli. Akatufungisha ndoa, mimi nina masizi mpaka kwenye kola.

Nakwambia haya kwa sababu jana nilikusikia ukiwafokea wanao wote kwa ukali uleule. Mkubwa alitikisa mabega akaenda kucheza. Mdogo hajala tangu jana. Wametoka tumbo moja, lakini hawastahimili joto moja. Kabla hujakoleza moto, jua umemweka nani karibu. Na mtu akikwambia kuna kinachoungua, hata kama yeye haijui kazi yako, kitoe kwanza, ubishe baadaye.

Mungu akupe sikio jepesi, mwanangu, na nyumba yako iwe na joto lisilomuunguza mtu. Haya, nenda kwa yule mdogo, ukakae naye mpaka ale.