Kompyuta Iliyosahau Kila Asubuhi

Nilipopata kazi ya kuchapa kwenye ofisi ya kikundi cha wakulima wa kahawa Mbinga, niliwaaga watu wa kwetu Mbaha, kando ya ziwa, kana kwamba naenda Ulaya. Kumbe nilikuwa napanda mlima tu. Nilifika na viatu vya wazi na gauni jepesi la ziwani, nikatetemeka wiki nzima mpaka nikanunua sweta la mtumba. Wamatengo, wenyeji wa huko, walinicheka sana, wakisema Mnyasa akipanda huku juu hukauka kama usipa, wale dagaa wetu wa ziwani. Niliwajibu kwamba afadhali kukauka kama usipa kuliko kuishi mlimani bila kuujua utamu wa usipa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya majaribio. Soko huria lilikuwa limeleta wanunuzi binafsi mpaka mlangoni kwa mkulima, kila mmoja na mzani wake na maneno yake matamu, na vikundi vikajifungulia ofisi ili visipigwe chenga. Chetu kilipewa kompyuta na watu wa kanisa wa nchi za nje. Siku ya kwanza mwenyekiti aliniambia bila kuzunguka: wanachama watakapokutana baada ya wiki tatu, waione mashine ikifanya kazi, nami nitapata barua ya ajira. Isipofanya kazi, itarudishwa ilikotoka na ofisi itaendelea na taipureta. Taipureta aliichapa mwenyewe kwa vidole viwili, wala hakuhitaji mtu wa kumsaidia.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kompyuta ninazijua. Ukweli ni kwamba nilizijua za aina nyingine, zile nilizosomea Songea. Hii ilikuwa na Linux, mfumo unaotolewa bure, na menyu zake zilikaa mahali nisipopatarajia. Lakini mimi nina kiburi, na kiburi changu hutangulia kujibu kabla akili haijafika.

Asubuhi ya pili niliikuta imekuwa kituko. Herufi zilivimba, kila moja ukubwa wa punje ya hindi. Orodha ya wanachama niliyoichapa jana ilionyesha majina tu. Kata zao na idadi ya miche yao vilikuwa vimemezwa na ukingo wa kulia. Nikafungua mahali pa kurekebisha ukubwa wa picha ya skrini. Nako kichekesho: dirisha lenyewe lilikuwa kubwa kuliko skrini, na kitufe cha kukubali kilikuwa chini huko, nje ya kioo, hakionekani. Nilibonyeza kwa kubahatisha, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, mpaka nikafanikiwa. Nikaizima, nikaiwasha tena. Ikaja safi, nukta 1024 kwa 768, orodha nzima mbele ya macho. Nikajipongeza kwa chapati mbili.

Kesho yake, herufi zimevimba tena, 640 kwa 480. Keshokutwa, hivyo hivyo. Jioni naiaga ikiwa na akili zake timamu, asubuhi naikuta imesahau kila kitu. Na mwenyekiti alikuwa na desturi ya kupita ofisini saa mbili na nusu asubuhi, ile nusu saa yangu ya aibu. Alikuwa anasimama nyuma yangu, anazitazama zile herufi zilizovimba, kisha anaguna na kuondoka.

Akaitwa fundi kutoka Songea. Alifika mchana, akaikuta nzima kabisa, akabofya hapa na pale, akasema hana la kutibu, akala ugali wetu akaondoka. Asubuhi iliyofuata ilikuwa imevimba tena. Ng'ombe wa maskini hazai, nilijisemea, nikalia kidogo chooni, maana nilikuwa nimeshawaandikia wazazi kwamba nimeajiriwa.

Ofisini tulikuwa na mama mmoja mjane, mtunza ofisi. Ufunguo alikuwa nao yeye, kufagia alifagia yeye, na kila nilipofika saa mbili nilikuta kompyuta imeshawashwa, kiti kimefutwa vumbi na chai iko mezani. Niliona ndiyo adabu ya huku juu. Nilimpenda kwa hilo. Sikuwahi kumuuliza lolote, kwa sababu mtu ambaye hajashika kipanya angenieleza nini? Hicho kiburi nimeshakitaja.

Siku tatu kabla ya mkutano nilijikasirikia mpaka nikaamka alfajiri. Niliamua niiwashe mwenyewe, niandike kwenye daftari kila inachofanya tangu mwanzo. Nilifika saa kumi na mbili na nusu, mlango uko wazi. Mama alikuwa anafagia. Boksi la kompyuta lilikuwa linanguruma chini ya meza, limewashwa. Na monita? Ilikuwa imeviringishwa kitenge kama mtoto mchanga, waya zake zote mbili zimechomolewa, zimekunjwa na kufungwa vizuri juu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Bado haijapata moto hii."

Nilimwomba anieleze. Akaegemeza ufagio, akanieleza kwa utulivu wa mtu anayejua kazi yake. Jioni, nikishaondoka, anachomoa kila waya na kukifunika kioo, kwa sababu radi za Mbinga hazina mchezo na kila mtu anajua radi hufuata vioo. Nyumbani kwake hata kioo cha kuchania nywele hugeuzwa ukutani mvua ikianza kunguruma. Asubuhi anaunga boksi peke yake na kuliwasha, lipate moto taratibu. Kioo anakiacha ndani ya kitenge mpaka amalize kufagia, kisiingie vumbi. Akisikia viatu vyangu barazani, anafunua, anachomeka, anaweka chai.

Nilikaa kwenye kiti nikacheka mpaka nikashika mbavu. Ile mashine inapoamka hutafuta monita yake, iulize ina ukubwa gani. Kila asubuhi iliamka ikatafuta, haikuiona, ikajichagulia ukubwa mdogo kuliko wote ili isikosee. Nikiizima na kuiwasha tena, monita inakuwa imeshachomekwa, nayo inapona. Haikusahau kitu. Ilikuwa haioni.

"Kwa hiyo wiki zote hizi ni mimi?" mama aliuliza. Hakuwa anacheka.

Kicheko kiliniishia. Nilimwambia hapana, ni sisi sote, kwa sababu sikumuuliza. Nikamwonyesha: chomeka kioo kwanza, kisha washa. Tukafanya pamoja. Ikaja safi. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha kuipasha moto. Akatazama ufagio wake. "Mashine zote hupashwa moto, mwanangu," alisema, akarudi kufagia.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa, wazee wengine wametoka kata ya Mpepai kwa miguu. Mama alichomeka, mwenyekiti akabonyeza kitufe kwa kidole kimoja kama anayebariki, na orodha ikatokea nzima, majina, kata, miche, kuanzia ukingo hadi ukingo. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee mmoja aliyekaa mbele akasema amesikia mashine ilikuwa inaumwa, akataka kujua ugonjwa ulikuwa nini hasa. Nilikuwa nimejiandaa kusema ni waya tu, basi.

Mama akasimama kabla yangu. "Ugonjwa nilikuwa mimi," alisema. "Niliiwasha kabla ya kuichomekea kioo. Huyu binti hakuwa na kosa. Msimrudishe ziwani."

Mwenyekiti alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Kaa chini, mama," alisema. "Agizo lilikuwa langu. Ilipofika mashine hii nilimwambia aipashe moto angalau nusu saa kila asubuhi, kama tunavyofanya lori. Mimi ndiye niliyejifanya fundi."

Kicheko kilichoinuka sijakisikia tena mahali popote. Mzee wa mbele alipiga meza kwa bakora, na mwingine akapaza sauti kwamba hata yeye angeipasha moto, tena saa nzima. Mwenyekiti mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi kwa ile kofia. Kisha akaniambia nikae, nichape barua yangu ya ajira pale pale, wote waone.

Nikachapa. Watu walijazana nyuma yangu wakinisomea neno kwa neno. Nilipofika mahali pa sahihi, mama aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini, lakini wa mstari wa mbele wakasikia:

"Na yangu itachapwa lini? Mwaka wa sita huu, sijawahi kupewa."

Mwenyekiti alijikuna shingo. Akaniambia nifungue ukurasa mwingine, nami nikamwomba mama anitajie jina lake kamili, maana muda wote ule nilikuwa silijui.