Mtani wa Darasa la Kwanza

Sababu ya safari yangu ilikuwa moja tu. Bila mkaguzi kuniona nikifundisha na kuridhika, nisingepata cheti cha ualimu, na bila cheti ningerudi nyumbani kulima karanga pamoja na shemeji yangu, mtu ambaye huwezi kupiga naye hata tuta moja bila kugombana. Basi chuo kiliposema nitakwenda kufanya mazoezi katika darasa la kwanza huko Ugogo, upande wa Kilimatinde, sikuuliza mara mbili. Wakati huo Mwingereza ndiye aliyekuwa mwenye nchi, na kijana mwenye cheti alikuwa mtu.

Mkufunzi wetu aliniita kuniaga. "Maganga," alisema, "mwalimu asiyeogopwa Jumatatu, Ijumaa atapandwa kichwani. Ingia umekunja uso." Nilikwenda kufanya mazoezi ya kukunja uso mbele ya kioo mpaka kipaji cha uso kikaniuma.

Mama yangu alikuwa na wosia mwingine. "Ugogo? Kwa watani? Mwanangu, ficha kila kitu unachokipenda."

Nilicheka. Nilikuwa na kofia mpya ya helmeti, kaptura iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, na sikuona mtu wa kunichezea. Utani wetu na Wagogo niliujua kwa kusikia tu. Zamani misafara ya Wanyamwezi ilipita Ugogo ikielekea pwani, na Wagogo, wenye maji na wenye njia, wakaitoza hongo, ushuru wa kupita. Watu wakagombana, wakapatana, na mwisho wakawa watani, yaani watu wenye ruhusa ya kutukanana na kunyang'anyana, na mwiko kukasirika.

Garimoshi liliondoka Tabora asubuhi. Tulipofika stesheni ya Itigi, kabla ya kuingia tena katika kichaka kisichokwisha, nilinunua kibuyu cha asali dirishani nikakibana kati ya miguu. Mzee mmoja aliyeketi mbele yangu akaniuliza ninakwenda wapi.

"Shikamoo mzee. Nakwenda Ugogo, kufundisha."

"Marahaba. Kabila gani, mwalimu?"

"Mnyamwezi."

Mzee yule alicheka mpaka Manyoni.

Kutoka Manyoni nilipanda lori la mfanyabiashara, juu ya magunia ya chumvi, hadi Kilimatinde. Pale juu kilimani palikuwa na upepo mzuri na majengo ya misheni, nikaomba moyoni shule yangu iwe hapo. Haikuwa hapo. Ilikuwa chini ya mteremko, mwendo wa kutembea na sanduku kichwani, na kadiri nilivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda. Kaptura ilipofika bondeni ilikuwa imekwisha kulala.

Nilipokelewa na Mwalimu Yona, mwalimu mkuu na mwalimu wa pekee wa shule ile. Kwa kuwa alikuwa peke yake, alikuwa na cheo kikubwa lakini hakuwa na wa kumwamuru, kwa hiyo kuja kwangu kulimfurahisha sana. Alinikaribisha kwenye tembe lake, nyumba ya paa bapa la udongo, na kabla sijaketi akaingia jirani yake, Bibi Mbeleje, mama mfupi mwenye shanga nyingi shingoni.

"Mbukwenyi," nilisema. Salamu hiyo ya Kigogo nilikuwa nimeijifunza njiani.

"Mbukwa. Kabila gani?"

Nikamwambia. Alinyoosha mkono akaivua helmeti kichwani mwangu taratibu, kama mtu anayechuma boga shambani kwake.

"Hongo ya njia," alisema. "Babu yako alipita hapa, hakulipa."

Nilimgeukia Mwalimu Yona. "Mwalimu mkuu, nisaidie."

"Nikusaidie vipi?" alijibu huku akitazama kibuyu changu. "Mimi mwenyewe nilikuwa naitazama hiyo asali."

Siku ya pili niliiona helmeti yangu nyuma ya nyumba ya Bibi Mbeleje. Kuku wake alikuwa amekwisha kuitagia.

Asubuhi hiyo hiyo niliingia darasani nimekunja uso kama nilivyofundishwa. Darasa la kwanza la siku zile halikuwa la watoto wa umri mmoja. Mbele waliketi wadogo ambao meno ya utotoni yalikuwa yakiwatoka, na nyuma wachungaji wakubwa waliokaribia kuota ndevu, wote wakijifunza a, e, i, o, u. Katikati ya mstari wa mbele alikuwapo Dina, mjukuu wa Bibi Mbeleje, ambaye alikosa meno mawili lakini hakukosa neno hata siku moja.

"Mwalimu," alisema baada ya salamu, "bibi anasema usikunje uso. Eti utapasuka kama kibuyu."

Niliinua fimbo. Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Nyumbani walikuwa wameambiwa kwamba huyu ni mtani, na mtani akishika fimbo ni mchezo, tena mchezo wa bure. Kadiri nilivyoikaza sauti ndivyo walivyozidi kufuta machozi. Kesho yake wachungaji wawili walifunga kamba mlangoni na kudai hongo kabla sijaingia darasani kwangu mwenyewe, nikalazimika kuwaimbia wimbo wa Kinyamwezi. Keshokutwa yake walidai wimbo na kucheza.

Nilimlalamikia Mwalimu Yona kwamba mkaguzi akija akaona haya nimekwisha. Aliacha kusahihisha vibao vya wanafunzi wake akanitazama kwa huruma.

"Maganga, wewe unataka wakuogope. Mgogo hamwogopi Mnyamwezi. Hilo halimo katika damu. Watukane nawe kidogo, utaona."

Sikumsikiliza. Niliona kwamba aliyesomea mambo ya kisasa ni mimi.

Juma lililofuata tulifika kwenye hesabu za kutoa, na hapo nilikosea kosa ambalo Mnyamwezi peke yake anaweza kulikosea. Ili kuwachangamsha nilisema, "Wagogo wana ng'ombe kumi. Mnyamwezi amekuja, amechukua watatu. Wamebaki wangapi?"

Waliacha kuandika wote. Kisha Dina akasema, "Kumi."

"Kumi vipi?"

"Hawezi kuwachukua. Baba yupo."

"Tuseme baba amelala."

"Na mbwa je?"

"Tuseme mbwa amekufa."

Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akaanza kulia, kwa sababu kwao walikuwa na mbwa. Wachungaji wa nyuma wakasimama kueleza yule mwizi angekamatiwa wapi na nani angemfunga kamba. Walijua njia zote. Kengele ilipogongwa, ng'ombe wa Wagogo walikuwa kumi na mmoja, maana mwizi alikuwa ametozwa faini ya ng'ombe mmoja, na wote walikuwa wameipata jumla hiyo sawasawa bila kushika kijiti cha kuhesabia. Niliketi juu ya sanduku la chaki nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimewafundisha kujumlisha siku nzima bila kujua.

Siku iliyofuata niligeuza. "Wanyamwezi, watu wasiojua hata kukamua, wana ng'ombe kumi. Wagogo, wezi wakubwa nyinyi, mmechukua watatu."

"Saba!" walipiga kelele kabla sijamaliza.

"Mmechukua tena wawili."

"Tano! Na hao watano tunawataka."

Tangu siku hiyo walitoa. Walitoa ng'ombe wa baba yangu, wakatoa wa wajomba zangu, wakamaliza zizi la ukoo mzima wakauliza kama hatuna mbuzi. Mimi niliwatukana, wao walinitukana, na hesabu zikaenda kama maji mteremkoni. Wanafunzi wa Mwalimu Yona, upande wa pili wa ukuta, waliacha kumsikiliza yeye wakawa wanatusikiliza sisi. Nilifurahi. Nasema wazi, sijapata kufurahi hivyo kazini.

Lakini mkaguzi hakusahauliwa. Taarifa ilifika kwamba atakuja Alhamisi na gari lake, na tuliambiwa kuwa ni Mzungu asiyependa kelele. Jioni ya Jumatano niliwaambia watoto, "Kesho hakuna matusi." Walinijibu kwa matusi.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kengele, Bibi Mbeleje alikuja shuleni bila shanga zake. Mume wake, ambaye alikuwa mgonjwa siku nyingi, alikuwa amefariki alfajiri.

Nilimpa pole.

"Mtani," alisema kwa sauti ndogo, "kazi yako imekuja. Hapa hatuna Mnyamwezi mwingine. Tutamzikaje mzee bila mtani?"

Mkononi nilikuwa na andalio la somo la kutoa. Nilimtazama Mwalimu Yona. Nilimwona akitazama barabara ya Kilimatinde, kisha akamtazama bibi.

"Nenda," alisema. "Mkaguzi akija mapema nitamweleza."

Nilikwenda. Msibani mtani ana kazi yake, nayo si ya kulia. Watu walipoufikisha mwili makaburini, niliruka ndani ya kaburi nikalala chali.

"Hili nimelichukua mimi," nilisema. "Huyu mzee alikuwa mvivu wa kulipa madeni, hata shimo amechimbiwa na wengine. Nani kamwambia Mgogo anastahili kulala pazuri hivi?"

Waliniomba nitoke, nikakataa. Wakanirushia udongo, nikasema wananifunika shuka. Niliwaeleza jinsi marehemu atakavyofika ahera na kuanza kutoza watu hongo mlangoni. Hapo nikasikia sauti ya Bibi Mbeleje juu ya kaburi. Alikuwa anacheka, machozi yakimtiririka, amewashika wanawake wawili mabegani ili asianguke. Nami mle chini, nikiutazama uso wake, nilitaka kulia, lakini mtani haruhusiwi kulia mpaka afike kwake. Nilitoka waliponilipa kuku, ndiye yule yule aliyetagia kofia yangu. Tukamzika mzee kwa adabu zote.

Wakati huohuo gari la mkaguzi lilikuwa limefika shuleni. Haya niliyapata kwa Mwalimu Yona baadaye, tena kila akisimulia alilazimika kuketi. Mkaguzi aliingia darasani, akamwuliza Dina, ambaye alibaki shuleni kwa kuwa watoto wadogo hawapelekwi makaburini, kwa Kiswahili chake cha taratibu mwalimu wao yuko wapi.

"Yumo kaburini, Bwana," alijibu Dina.

Mkaguzi alivua kofia. Akamwendea Mwalimu Yona, akampa mkono.

"Pole sana. Ilikuwa lini?"

"Asubuhi hii, Bwana."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Maganga? Hapana, Bwana. Mzima kabisa. Amekwenda kwa miguu yake."

Mkaguzi alikuwa bado anaitafakari habari hiyo nilipotokea mlangoni, udongo mwekundu kuanzia nywele hadi kidole cha mguu, kuku kwapani. Alirudi nyuma hatua kadhaa mpaka ubao ukamzuia.

Mwalimu Yona alimweleza. Mkaguzi alitikisa kichwa kukubali mara nyingi, kama anavyokubali mtu asiyeelewa, akaketi kwenye kiti karibu na mlango akasema, "Endelea na somo." Nilimfunga kuku kwenye mguu wa meza, nikajipangusa, nikasimama mbele ya darasa. Cheti changu kilikuwa pale. Shemeji yangu naye nilimwona kwa mawazo, na jembe lake.

"Wanyamwezi wana ng'ombe kumi," nilianza. "Wagogo wamechukua watatu. Wamebaki wangapi?"

Kimya. Watoto wale hawakuwa wamepata kuketi chumba kimoja na Mzungu. Wachungaji waliinamisha vichwa. Dina alikuwa amefumba mdomo na kuuziba kwa mikono miwili. Niliuliza tena. Nikawabembeleza, nikawatukana kidogo kwa sauti ya chini. Ng'ombe wa baba yangu walisimama pale wote kumi, na hakuna Mgogo aliyewataka. Nilifundisha robo saa nzima nikiongea na ukuta, nikaandika majibu yangu mwenyewe ubaoni, na aliyetoa sauti ni kuku tu.

Mkaguzi alifunga kalamu yake akasimama. Alikuwa anatabasamu.

"Vizuri sana," alisema. "Nilipokuwa nakuja nilisikia kwamba darasa hili ni la fujo. Sasa nimeona mwenyewe. Nidhamu bora. Umefaulu."

Sikuweza kunyamaza. "Bwana," nilisema, "leo hawakujifunza kitu."

Alinipiga begani, vumbi likaruka. "Na unyenyekevu pia," akasema, akafungua kalamu tena akaongeza neno.

Gari lilipopanda mteremko, Dina aliondoa mikono mdomoni. "Saba," alisema. "Na hao saba tunawataka."

Muda wangu ulipokwisha nilirudi kwa njia ile ile, lori kisha garimoshi. Watoto walinisindikiza hadi mwanzo wa mlima wakinitukana ukoo mzima, na Bibi Mbeleje aliniuliza nani atamzika yeye. Nilimwambia asife mpaka nirudi. Mama alinipokea akanihesabia vitu vilivyopungua, akaridhika kwamba nilitendewa vyema. Shemeji yangu akapata mtu mwingine wa kugombana naye.

Nimefundisha shule nyingi tangu hapo, na cheti ninacho. Lakini darasa likininyamazia kabisa, hadi leo, huacha kuandika nikageuka kutazama mlangoni, nione ni nani aliyeingia akawatisha watoto. Mara nyingi nakuta mlangoni hakuna mtu. Basi naweka chaki chini, maana aliyewatisha ni mimi.