Vikombe Havigongwi Bila Kahawa

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kahawa. Nilibeba ndoo ya maji ya kusuuzia vikombe, nikamfuata mjomba wangu Salimu kutoka Majengo hadi stendi ya zamani, upepo wa Juni ukitukata masikio. Kila aliposimamishwa na mteja, mimi nilichutama kusuuza. Nilikuwa nimeshuka kutoka Haubi, kule Kondoa, ndevu zimeshaanza kuota, kwa hiyo niliona kazi ya ndoo ni dharau. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba mteja anakiona kikombe kabla hajaionja kahawa, na kama ndoo inanishinda, magari ya Kondoa yapo.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia kwamba Dodoma haikujua kahawa mpaka wizara zilipohamia. Kijana mmoja mwenye mgahawa wa vioo pale Area D aliniambia hivyo usoni, bila nia mbaya, akidhani ananipa habari. Wapi. Kahawa ilikuwapo hapa wakati kiwanja chake kile ni michongoma na mbuzi. Iliyochelewa kufika ni mashine.

Kahawa yetu ni kahawa chungu. Haina maziwa wala sukari. Utamu unautafuta pembeni, kwenye kashata ya karanga au tende. Buni zilikuja kutoka Bukoba kwa magunia, nasi tukazinunua sokoni. Zinakaangwa mpaka ziwe nyeusi na zianze kung'aa mafuta; ukizubaa kidogo zinanuka majivu na hakuna wa kuzinywa. Kisha zinatwangwa kwenye kinu pamoja na tangawizi kavu. Nyumbani kwangu mkaangaji alikuwa mke wangu Zuhura, tangu mwaka tuliooana, na hakuniruhusu hata kushika mwiko. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchemsha na kutembeza.

Birika lenyewe ni la shaba, refu, lina mdomo uliopinda, na chini yake limefungwa jiko dogo la makaa ili kahawa isipoe njiani. Mkono mmoja unabeba birika. Mwingine unabeba vikombe vidogo visivyo na mpini, unavigonganisha kwa vidole, na mlio huo ndio tangazo. Muuza kahawa hapigi kelele, hamshiki mtu shati. Anagonga vikombe, anayetaka anakuja.

Kugonga nako kuna sheria yake, na mimi nilifundishwa siku ileile ya ndoo. Kahawa ilituishia tukiwa karibu na stendi, na magari ya Singida ndiyo kwanza yanaingia. Mjomba alivipachika vikombe kimoja ndani ya kingine, akavifunika kitambaa, akaanza kurudi nyumbani kimya. Nikamuuliza kwa nini tusigonge tu, watu wajue tupo, kesho watutafute.

“Ukigonga umemwita mtu,” aliniambia. “Huwezi kumwita mtu kwenye sufuria tupu.”

Sikumsikia akiyarudia maneno hayo. Nilimwona tu akiyatii, miaka yote niliyofanya naye kazi, hata siku za shida ambazo mlio mmoja wa vikombe ungemsaidia kukopa unga kwa jina la biashara.

Nilipopata birika langu mwenyewe alinipeleka Mnadani, kwenye soko la ng'ombe. Wazee wa Kigogo walionja, wakatema, wakaniuliza hiyo ni dawa ya nini. Niliwajibu kwamba ni dawa ya kumzuia mtu asiuze ng'ombe huku anasinzia. Walicheka, na mmoja akaomba ajaribu tena. Msimu uliofuata walikuwa wakinisalimia “mbukwa” tangu mbali, mikono wameshainyoosha kupokea.

Kutoka hapo nilikwenda Hombolo, nikauza karibu na chuo. Mkubwa wangu huko alikuwa Mtendaji wa Kata, mtu wa amri, ambaye alitaka kila mfanyabiashara awe na meza. Nilimwonyesha miguu yangu, nikamwambia meza yangu ndiyo hii, inatembea. Akaagiza kikombe. Hakunisumbua tena, ingawa hakuacha kunikumbusha kwamba kisheria alikuwa na haki.

Kituo changu kikubwa kilikuwa Area D, kwenye kijiwe. Ninyi mnaokunywa kahawa kila mtu na kompyuta yake mnahitaji kuelezwa. Kijiwe ni mabenchi mawili matatu na ubao wa drafti. Watu wanakaa, wanakunywa, wanabishana juu ya mpira, mvua na serikali, na jioni wanaachana bila kupigana ngumi. Mkuu wa pale tulimwita Mwenyekiti, dereva mstaafu wa serikali ambaye hakuchaguliwa na mtu yeyote. Alikuwa na amri moja tu: aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kumiminiwa. Siku moja Mkurugenzi fulani alimtuma dereva wake achukue kikombe ampelekee garini. Mwenyekiti hakuinua macho kwenye drafti. “Kamwambie kahawa haina miguu,” alisema. “Ashuke.” Mkurugenzi akashuka, akasubiri zamu yake nyuma ya fundi baiskeli, na kesho yake akaja bila dereva. Baadaye akawa mkali wa drafti kutushinda wote, akatuudhi.

Ni kwenye mabenchi hayo hoteli iliponikuta. Jina lake naliacha. Ilikuwa mpya, ina sakafu inayong'aa hadi unaona nyayo za viatu vyako, na Meneja wake alikuwa kijana mwenye adabu, anayetoa shikamoo kwanza ndipo anasema shida yake. Alitaka niwe nawahudumia wageni kahawa chungu asubuhi, kwa mshahara wa mwezi. Mimi na Zuhura tulikuwa na nyumba Nkuhungu, nusu imepauliwa, nusu inatazama mawingu. Sikuhitaji kushawishiwa.

Walinivalisha kanzu nyeupe, koti jeusi na tarbushi jekundu. Katika maisha yangu yote Dodoma sijawahi kumwona muuza kahawa mwenye tarbushi jekundu, lakini nilijisemea kwamba kofia si dhambi. Kahawa ilikuwa ya Zuhura, hiyo ndiyo iliyokuwa muhimu. Wabunge walikunywa, wahandisi walikunywa, na mama mmoja wa wizarani alikuwa akinitafuta kabla hajafungua mkoba wake.

Halafu ikaja mashine. Ilikuwa kubwa, ya rangi ya fedha, inafuka mvuke, na ilikaa kaunta na wasichana wawili wa kuihudumia. Wiki hiyohiyo mtu wa usalama akasema makaa hayaruhusiwi tena ndani. Nilikubali, kazi ya moto ni kuchoma, na mapazia yale yalikuwa ya bei. Nikadhani mwisho wangu umefika. Kumbe Meneja alikuwa na mpango mwingine. Aliniita ofisini, akanikalisha.

“Mzee Idi, wewe unabaki,” alisema. “Mshahara haupungui. Utasimama mlangoni na birika lako, unawagongea wageni vikombe, wanapiga picha.”

“Na kahawa?”

“Kahawa iko kaunta. Birika litakuwa tupu.”

Nilimweleza sheria yetu. Alinisikiliza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Nikampa na njia: Zuhura achemshie nyumbani, niilete kwenye chupa ya chai, niimimine kwenye birika bila makaa yoyote. Itapungua moto, lakini mtu akiitwa atakuta kitu. Akatikisa kichwa.

“Mzee, ukiwamiminia, watadhani hiyo ndiyo kahawa yetu.”

Nimesikia matusi ya stendi, nimesukumwa na mgambo, lakini hakuna neno lililonichoma kama lile, na lilisemwa kwa upole kabisa. Walitaka mlio wetu, walitaka shaba yetu na mvi zangu. Kitu chenyewe ambacho hivyo vyote viliwekwa kwa ajili yake ndicho hawakukitaka. Nilikasirika, na hadi leo ninapoandika bado nimekasirika, wala sioni sababu ya kutulia.

Nilirudi Nkuhungu nikamweleza Zuhura. Nilianza na mshahara ili aone uzito wake, nikaonyesha na kidole kule kusikopauliwa. Alikuwa anapepeta buni. Hakusimama.

“Watu wakisikia vikombe vyako wanajua kahawa yangu imefika,” alisema. “Usinigongee uongo.”

Hapo mjadala ukafungwa. Asubuhi yake alichemsha, nikajaza chupa, na nilipofika hotelini nikamimina birika likajaa hadi shingoni. Kulikuwa na mkutano mkubwa siku hiyo. Nilisimama mlangoni pale nilipoelekezwa, na kanzu yangu na tarbushi langu, nikagonga kama nilivyoagizwa. Wageni walisogea na simu zao. Yule mama wa wizarani alinyoosha mkono, nikammiminia. Wengine wakafuata, wakapanga foleni wenyewe, na mstari ukaipita kaunta. Nilimwona Meneja akija. Hakunigombeza mbele za watu. Alisubiri birika liishe, nami nilipovipachika vikombe na kuvifunika, akaniomba nirudishe mavazi. Nilitoka kwa mlango wa mbele na shati langu mwenyewe.

Kitumbua kikaingia mchanga. Sitawadanganya kwamba hatukuumia. Ile nusu ya nyumba ilinyeshewa masika mengine, na jirani mmoja aliniuliza kama wahenga waliowahi kusema mkono mtupu haulambwi walisahau kunieleza mimi. Nilimwambia hata birika tupu halilambwi. Nikarudi Area D, nikauza hapo mpaka magoti yalipokataa.

Nilistaafu bila kuagwa. Sisi hatuna kiinua mgongo wala picha ya ukutani. Ulichonacho ni watu wanaokuuliza umepotelea wapi. Nawasikia vijana wa mashine wakiniuliza kama nawachukia. Siwachukii. Nimeonja kahawa yao, na mmoja, binti wa Chamwino, anaikaanga vizuri kiasi kwamba nilimtaka aje azungumze na Zuhura. Mashine haijawahi kunikosea. Ninachogombana nacho ni kuambiwa kwamba kazi yangu imekuwa pambo, kwamba inatosha kuiangalia. Kazi haifi mpaka wanaoifanya wakubali kuigiza, na mimi sikukubali. Mkiniita mkaidi, niiteni kwa sauti, maana masikio nayo yameanza kufuata magoti.

Mwaka huu madereva wa bajaji waliniambia hoteli ile imepata mzee mwingine. Nilikaa na habari hiyo siku kadhaa, Zuhura akaniambia nisijisumbue, kisha nikavaa shati safi nikaenda. Mlinzi alinipa shikamoo akanifungulia mlango. Niliketi kwenye kiti kimojawapo cha wageni.

Mzee alikuwa pale, tarbushi limemwingia hadi kwenye nyusi. Baadaye nilijua anaitwa Ndahani, alikuwa mlinzi wa ghala huko Chamwino na hajawahi kuuza kahawa hata siku moja. Alivishika vikombe kwa kiganja kizima, kwa hiyo mlio ulikuwa mzito, lakini ulikuwa mlio. Aligonga. Nikainua mkono.

Alinijia akitabasamu kama alivyofundishwa. Nikamwomba kahawa. Tabasamu likamwisha, akainama karibu na sikio langu.

“Mwenzangu, hili halina kitu,” alisema. “Kahawa ni pale kaunta.”

“Umenigongea,” nikamwambia. “Nimeitika.”

Sikumwambia kwa ukali. Mtu mwenye wajukuu wa kulisha simgombezi kwa kofia aliyovalishwa. Lakini mkono sikuushusha. Alinitazama, akageuka kuitazama ofisi ya Meneja, mlango wake ukiwa wazi, kisha akanitazama tena. Mgeni wa kiti cha pili aliacha kusoma simu yake. Ndahani akainuka, akaelekea kaunta, akaweka birika juu yake mbele ya wale wasichana wawili. Sikusikia aliwaambia nini. Walicheka kwanza, halafu hawakucheka, na mmoja akafungua bomba la mashine.

Alirudi polepole, bega moja limeshuka, nikajua birika lina uzito. Alimimina birika likiwa juu mno, kahawa nyingine ikanimwagikia gotini. Ilikuwa ya vuguvugu, nyepesi, na mtu alishaitia sukari. Nikainywa yote, nikamnyooshea kikombe aniongezee.