Mama Pindo na Mtaa Uliomhamia

"Siku nitakayohama mtaa ule, watu watatembea wameshika suruali kwa mkono."

Maneno hayo mama mdogo aliyasema mbele ya watu mia mbili na kitu, kwenye harusi ya dada yangu, kwa kipaza sauti ambacho hakuna mtu aliyempa. Mshereheshaji alikuwa amekiweka mezani ili anywe maji. Alipokirudia, kilikuwa kimeshapata mwenyewe. Watu walicheka, wazee wakakohoa, na mama mdogo akaendelea kueleza kwamba amepima viuno vya mataifa kumi na moja na hajakutana na kimoja kinachosema ukweli. Kila mtu hutaja namba ya mwaka juzi.

Mimi nilicheka kuliko wote. Sikujua kwamba miezi minne baadaye majigambo yale yangejaribiwa, na kwamba mmoja wa waliosababisha ningekuwa mimi.

Mama mdogo ni fundi cherehani. Majirani wanamwita Mama Pindo, kwa sababu kazi ya kwanza aliyowafanyia ilikuwa kukunja mapindo ya mapazia, na jina likaganda. Nyumba yake ina vyumba viwili na baraza, bati limepakwa rangi nyekundu mara tatu, na imekaa katikati ya majumba ya wageni kama kigoda kilichosahaulika kati ya makochi. Ukimwuliza ilikuwaje akaishi na watu kutoka nje, anakukata kauli: "Mimi sikuwahamia. Wao ndio walionihamia." Na ni kweli. Marehemu mumewe, fundi bomba, alinunua kiwanja pale wakati pana majani na vyura tu. Ndugu wakamcheka. Kisha ikaja barabara, ikaja lami, likaja shirika la kwanza, likaja la pili, na kuta zikaanza kurefuka kama watoto wa darasa la saba. Leo mtaa una kizuizi mwanzoni, mlinzi mwenye filimbi, na mbwa wenye daktari wao. Baba mdogo hakuyaona hayo yote. Aliacha mabomba yaliyolazwa vizuri, ramani yake nyuma ya karatasi ya kalenda, na mjane asiyetaka kuuza.

Kazi ya mama mdogo ina utaratibu wake. Majina ya wageni yanamshinda ulimi, kwa hiyo daftarini huandika mageti: Geti la Kijani, Geti la Mbwa Mwenye Koti, Geti Lisilofungwa. Kila nguo hubanwa pini yenye kipande cha kitambaa kilichoandikwa geti lake. Kiuno hakitajwi kwa sauti. Mteja akisema namba yake, mama mdogo huitikia "sawa", halafu huandika ile aliyoiona mwenyewe kwenye tepu. Na huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Anawajua; wataongezeka.

Majirani hao wana kundi lao la simu. Walimwingiza kwa heshima, naye akaingia kwa heshima. Ujumbe wote ni wa Kiingereza, mrefu kama wosia, na yeye huujibu wote kwa alama moja, kidole gumba kilichosimama. Paka kapotea, gumba. Maji yatakatwa saa tatu, gumba. Kuna mtu kafiwa na mama yake huko kwao, gumba. Hilo nilimwomba alifute.

"Mtu akikusemesha, unamwitikia," aliniambia. "Kunyamaza ni dharau."

Tulikubaliana kwamba kila Jumamosi niende nimsomee ya wiki nzima, kwa kuwa mimi nina nusu ya diploma, na nusu yenyewe ndiyo ile yenye Kiingereza. Jumamosi mbili sikwenda. Nilikuwa na sababu, zote mbovu.

Jumamosi ya tatu nilimkuta mlinzi wa kizuizini amesimama barazani, karatasi mkononi, kofia kwapani.

"Mama, wamesema kuanzia tarehe moja hakuna biashara majumbani. Wateja nisiwapitishe."

"Kina nani wamesema?"

"Kundi, mama. Walipiga kura." Akatazama karatasi, kisha akatazama viatu vyake. "Na wewe umo."

Nikaichukua simu. Mwenyekiti wa kundi, mgeni mmoja mhandisi wa maji, alikuwa ameandika kwamba mwanamume anayeoshea magari nyumbani kwake pale kwenye kona anajaza matope barabarani, na kwamba haki ni kufunga biashara zote za majumbani bila kubagua. Anayekubali aweke alama. Gumba la kwanza kabisa, dakika moja baada ya ujumbe, lilikuwa la mama mdogo. Mengine kumi na tisa yalilifuata.

Nilimsomea neno kwa neno. Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wa pini.

"Kwa hiyo nimejifungia geti mwenyewe."

"Na ulikuwa wa kwanza kutia kufuli."

"Na wewe uliyetakiwa kunisomea ulikuwa wapi?"

Nikajifanya natafuta tarehe ya kura kwenye simu.

Habari zilimfikia mama yangu kabla ya chakula cha mchana. Mama ni dada yake mkubwa, na kwa miaka kumi alikuwa anaitafuta sababu. Alifika bado ana aproni.

"Hamia kwangu. Chumba cha nyuma nimeshakipiga deki. Utashona, utaongea na watu wanaokuelewa. Huku unaishi kama picha ya ukutani."

"Nipe siku moja, dada."

"Chukua mbili. Godoro liko tayari."

Alipoondoka, mama mdogo alinisukumia daftari. "Chora mstari katikati. Huku hasara, huku faida. Si ndiyo mnayosomea huko?"

"Ndiyo hiyo hiyo, mama mdogo. Miaka miwili ya kuchora mstari."

Hasara zilitoka kama maji ya bomba lililopasuka. Chumvi ikikuishia huna dirisha la kugonga. Jirani anataka umtumie ujumbe kwanza, akujibu kesho. Nyanya za duka la kona zimeviringishwa karatasi laini kama vichanga, na ukiuliza bei unahisi unaasili mtoto. Ndugu zake wa damu wakija, mlinzi anawauliza wanakwenda kwa nani na watatoka saa ngapi. Mjomba aliwahi kusaini daftari lile akidhani ni la rambirambi. Malipo nayo hayana mwelekeo. Mama mdogo ana haya ya kumtajia jirani bei. Husema "utakachojaliwa," basi mmoja huleta noti, mwingine huleta chupa ya jemu aliyoipika mwenyewe. Kabati lina chupa ishirini na mbili za jemu. Mama mdogo hali jemu.

Kisha akapunguza sauti. Kubwa kuliko yote, alisema, ni kwamba wanaondoka. Miaka miwili, mitatu, mkataba umeisha. Mtoto umemshonea tangu anatambaa, umeongeza suruali zake mpaka kitambaa cha akiba kimekwisha, siku moja lori la mizigo linasimama, wanakukumbatia, wanakuachia mmea kwenye chungu, basi.

"Si msiba, kwa hiyo huwezi kukaa matanga. Lakini wiki nzima masikio yanawatafuta."

Nilihesabu mimea barazani. Ilikuwa kumi na tatu. Hiyo nayo niliiandika upande wa hasara, akaniambia nisiiguse, nusu yake inachanua.

"Faida?" nikauliza.

Hapa alikwenda polepole. Maji hayakatiki, na yakikatika wanaomba radhi. Taa za barabarani zinawaka zote. Hakuna anayemwuliza kwa nini hakuolewa tena. Kuna utulivu, mwaka wa kwanza ulimtia wazimu, sasa akilala kwa dada yake anaota spika zinamfukuza. Na kuna nguo. Kwenye nguo alisimama. Alinifunulia koti la mteja mmoja, akanionyesha bitana iliyoshonwa kwa mkono, vishono vidogo kama mayai ya chawa. Nguo za mataifa kumi na moja zimepita mikononi mwake, na nyingi amezifumua padogo, akaona ndani kuna ujanja gani, akarudisha kama zilivyokuwa.

"Wenzangu hulipiwa ada wakakimbia," alisema. "Mimi nililipwa nisome."

Nilijua dongo limelengwa wapi. Nikainama kuandika.

"Andika na daktari."

Daktari ni mama mmoja mrefu wa Geti la Kijani, mgeni aliyejifunza Kiswahili kitabuni, ambaye hawezi kuuliza swali bila kutanguliza "je". Mwaka jana, saa nne asubuhi, sukari ya mama mdogo ilishuka akaanguka barazani. Daktari alikuwa kwake siku hiyo, hana zamu, na alichosikia ni kwamba cherehani imenyamaza katikati ya mshono. Alikuja pekupeku, akapita kwenye ua wa michongoma kwa kuwa geti lilikuwa mbali. Alikaa naye sakafuni mpaka alipozinduka, nyayo zake mwenyewe zinavuja damu, akimwuliza taratibu, "Je, unajua leo ni siku gani?"

"Daktari nimeshamwandika," nilisema.

"Mwandike tena."

Nikamwandika tena.

Kesho yake, Jumapili saa tisa alasiri, kundi lilikuwa na kikao nyumbani kwa mwenyekiti. Mama mdogo alivaa gauni lile lile la kipaza sauti. Mimi nilibeba furushi, nikidhani tunakwenda kuomba.

"Kuomba nini?" alisema njiani. "Nimekubali mbele ya watu. Nguo za watu hazikai kwa fundi aliyefungiwa. Tunazirudisha, halafu ndiyo nijue nahama au sihami."

Walikuwa kama ishirini, kwenye viti vya bustani, kila mmoja na glasi ya juisi. Walitusogezea viti. Mama mdogo hakukaa. Alifungua furushi juu ya nyasi, akaanza kusoma vitambaa. Geti Lisilofungwa: blauzi mbili, moja haina mkono. Geti la Mbwa Mwenye Koti: koti la mbwa, zipu iko nje. Walipokea kama wanafunzi wanaorudishiwa mtihani. Mwisho akainua suruali nyeusi, kiuno kimefumuliwa chote, mkanda wake unaning'inia.

"Geti la Mwenyekiti."

Mwenyekiti alikuwa anasafiri kesho yake asubuhi kwenda kuhutubia mkutano, na hiyo ndiyo suruali ya suti. Kwa kujisahau aliipandisha kiunoni juu ya ile aliyovaa, ikawa haina pa kushikia, akabaki amesimama mbele ya watu ameishika kwa mkono. Nilimtazama mama mdogo. Alikataa kunitazama.

"Je, kwa nini hujamaliza?" aliuliza daktari.

"Biashara zimefungwa."

"Je, biashara gani?"

"Yangu."

Wakatazamana. Wakaanza kuulizana kwa Kiingereza, na mimi nikasikia jambo ambalo halikuwahi kunijia kichwani: watu wale hawakujua kwamba ile ni biashara. Bei haipo, kibao hakipo, jemu anapokea. Walidhani miaka yote jirani yao anawasaidia kwa moyo wake. Daktari alisema ana magauni sita kabatini ambayo ameona aibu kuyaleta, asije akaonekana anamtumikisha mtu mwema.

Nilipomtafsiria, mama mdogo alikaa. Ndipo akakipata kiti.

Mwenyekiti akasema sheria haikumlenga yeye, na kwamba watamtoa. Nikatafsiri.

"Mwambie hapana. Mwosha magari ana watoto wanne. Akifungiwa kwa matope, na mimi nifungiwe kwa nyuzi. Halafu mwambie, chini ya kona ile kuna bomba la kutolea maji. Mume wangu alililaza, wajenzi wa ukuta wakaliziba. Likifunguliwa, matope hakuna. Mhandisi wa maji anakaa hatua thelathini kutoka hapo."

Sentensi ya mwisho niliitafsiri kwa ufasaha ambao mwalimu wangu hakuwahi kuuona. Mama mdogo akatoa mkobani karatasi ya kalenda, akaikunjua. Mwenyekiti aliisoma muda mrefu, suruali bado mkononi, akaanza kucheka peke yake. Akauliza ni mhandisi gani aliyeichora.

"Fundi bomba," alisema mama mdogo. "Wangu."

Kura ilipigwa upya, safari hii kwa mikono, na mama mdogo hakuinua wake mpaka nilipomaliza kumfasiria kila neno, na "na" zikiwemo. Biashara ruksa, bomba lifunguliwe. Wakaomba sharti moja tu: bei ziandikwe, zibandikwe getini, wasione aibu tena.

Hilo lilimchoma kuliko kufungiwa. "Nimbandikie jirani bei?"

"Wanakuomba, mama mdogo."

"Si wangenisikia tu nikisema utakachojaliwa."

"Ndiyo maana una chupa ishirini na mbili."

Tulirudi taratibu, na furushi nalo lilikuwa limerudi, limenenepa, magauni sita juu yake. Karibu na geti akasimama. "Kumbe wakisema asante walikuwa wanamaanisha," alisema. "Mimi nilidhani ni adabu zao tu." Akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akaketi kwenye cherehani, na kabla jua halijazama suruali ilikuwa kwa mwenyewe. Kisha akampigia mama yangu.

"Dada, Mungu akubariki kwa godoro. Sihami. Mpe huyu mwanao, huenda akilala vizuri atamaliza chuo."

Jumatatu nilimletea ubao na rangi nyeupe. Tulikaa barazani kati ya mimea kumi na tatu, akanizungusha saa nzima. Daktari alipe? Daktari asilipe, na hilo lisiandikwe. Mwosha magari? Nusu. Hilo nalo lisiandikwe. Mwishowe akaniambia nianze na kiuno, kwa kuwa ndiko wanakoanzia wote. Akafumba macho kama mtu anayechomwa sindano, akataja. Niliandika kwa herufi kubwa, ili hata mlinzi aweze kusoma akiwa kizuizini kwake.

Kupanua kiuno, elfu nne.