Ubongo Nilioujua Buchani

Nimeuza nyama Kamembe miaka ishirini na ushee, na vichwa vya mbuzi nilivyopasua havina idadi. Kwa hiyo daktari alipogeuza kompyuta ili nione ndani ya kichwa cha mke wangu, sikungoja maelezo. Mikunjo ile naijua hata kwa kidole. Ni laini, ukiibonya inabaki na alama.

Mke wangu alikuwa anarudi kutoka Gashonga kwa pikipiki, barabara imelowa, na kamba ya kofia hakuifunga. Yeye na dereva wakateleza, akaangukia kichwa. Tangu hapo hakufumbua macho. Kabla ambulansi haijatupeleka kwenye hospitali yenye skana, ng'ambo ya msitu, jirani yangu alinishika bega akasema, "Hujafa hujaumbika." Nilitamani kumzaba kofi.

Kwenye picha kulikuwa na doa jeupe upande wa kushoto. Daktari akasema hiyo ndiyo damu. Sisi wauza nyama, ubongo uliovilia damu tunautupa, mbwa wakafurahi. Nikamwambia nimeelewa, aniandikie karatasi nimrudishe mke wangu akafie kwake.

Daktari, kijana aliyekulia Bukavu kama mimi, hakukasirika.

"Mzee, bongo yenye unaonaka ku kazi yako yote ilishakufa. Hii iko inatumika, hata saa hii tunasema."

"Basi atanijua?"

"Sijue. Picha inaonyesha fasi yenye iliumia. Haionyeshe mutu atarudia namna gani. Anaweza sahau maneno, anaweza sahau hata weye. Tungojee aamuke."

Niliona haya. Miaka yote hiyo nikijiona fundi, kumbe sikuwahi kuona hata ubongo mmoja ukiwa kazini! Nikasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Ndani ya kitu kile cha kijivu, kisichozidi viganja viwili, mlikuwa na sura za watoto wetu, dua zake zote, njia ya kwenda kwao Nkanka, na hasira alizoniwekea tangu tuoane. Hakuna hata kimoja kilichoonekana. "Subhanallah," nilisema kwa sauti, muuguzi akageuka. Karatasi sikuidai tena.

Siku ya sita, mchana, nilikuwa nakunja kitenge chake nilipoona amefumbua macho. Alinitazama kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Sikuthubutu kumwuliza kama ananijua, niliogopa jibu. Nikasimama tu pale, kitenge mkononi, mzee mzima na ndevu zangu.

Midomo ikachezacheza mara mbili bila sauti. Kisha akasema, polepole, "Baba batoto, ulishakula?"

Katika yote ambayo kichwa kile kingeweza kuokoa, cha kwanza kilichokiokoa kilikuwa njaa yangu mimi.