Vikombe Sita vya Wageni

Mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la nane, na huwa naandika polepole.

Leo hapa Kiuu jirani ameanika vitambaa vya meza, na harufu ya wanga wa kukazia nguo imenirudisha utotoni. Siku moja darasani mwalimu aliweka karatasi ngumu juu ya glasi, na sarafu juu ya karatasi. Aliivuta karatasi ghafla, sarafu ikatumbukia ndani ya glasi. Alisema kitu kilichotulia hupenda kubaki kimetulia.

Nyumbani nilijaribu na kitambaa cha meza chenye wanga kilichokuwa chini ya vikombe vya wageni, ambavyo Mama alitukataza kugusa. Binamu yangu, msichana aliyeletwa kwetu kutoka Theta ili asome, alicheka. "Vuta na nguvu, wewe! Unavuta ni kama unaamsha mtoto!"

Niliogopa kuvivunja, kwa hiyo nikavuta polepole. Vikombe vilifuata kitambaa mpaka ukingoni, vikaanguka vyote sita.

Mama aliingia mbio. "Ni nani?"

Niliinama kuokota vipande. Binamu alinitazama, akangoja, kisha akasema, "Ni mimi, anti."

Wiki hiyo alirudishwa Theta kulima na nyanya yake, na masomo yake yakaishia hapo. Nilimtazama akifunga mfuko wake, nikaacha Mama aamini ni yeye.

Nasikia siku hizi anauza mboga Kamakis. Nimepita huko mara mbili bila kusimama. Kama kuna mtu aliyewahi kuomba msamaha baada ya kuchelewa hivi, tafadhali aniandikie alianza na neno gani.