Mpiga Mbizi wa Kapsoit

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyoitwa kwenye simu ya hoteli kule Diani, nikiwa bado nanuka chumvi, nikaambiwa baba amefariki. Ndugu yangu alikuwa anapiga kutoka posta ya Kericho na sarafu zilikuwa zinamwishia. "Tunazika kesho saa nane," akasema. "Wewe ndiye mtoto wa kwanza. Wewe ndiye wa kuanza kuweka udongo." Kisha simu ikakatika.

Kwetu Kapsoit, siku hizo, hatukuwa watu wa kulaza maiti mochari wiki nzima tukifanya michango. Mtu akifa, anazikwa. Ningepanda basi la jioni, ningefika Nairobi alfajiri, niunganishe kupitia Nakuru na Mau Summit, na mchana ningekuwa kando ya kaburi. Ukiitazama ramani, ilikuwa safari rahisi.

Wengi wenu vijana wa kijiji hiki mnanijua kama mzee wa majani chai na ng'ombe wawili wakaidi. Hamjui kwamba miaka ile ya tisini nilikuwa mpiga mbizi. Usicheke! Mkipsigis wa mlimani, niliyeona bahari mara ya kwanza nikiwa tayari na ndevu. Nilienda pwani kuosha vyombo, nikaishia kubeba mitungi ya hewa, mwishowe nikafundishwa kuwaongoza wageni chini ya maji kutazama samaki. Sasa sikiliza. Hewa tunayovuta ina gesi inaitwa naitrojeni, na ukivuta hewa hiyo kule chini, gesi inajipenyeza mwilini. Ukipanda juu polepole, inatoka bila fujo. Ukipanda haraka, ni kama soda iliyotikiswa halafu ukaifungua. Na povu hilo likifanyika ndani ya damu yako na viungo vyako, ole wako.

Kwa hiyo tulikuwa na majedwali yaliyochapishwa kwenye plastiki, ya kukuambia ukae kina gani kwa muda gani. Wageni wenye mali zao walivaa kompyuta mkononi, mfano wa saa nene, iliyopiga hesabu yenyewe humo majini. Mwenye duka la mbizi alikuwa ameniazima moja. Siku hiyo tulikuwa tumeshinda majini, na kwenye kioo chake kulikuwa na kapicha ka ndege. Maana yake usiruke angani mpaka kapicha kapotee, na kangepotea kesho yake jioni.

Bakari, nahodha wa mashua yetu, alinikuta nafunga mkoba. Akanishika bega. "Pole sana, ndugu yangu. Nenda kamzike mzee." Nikamwonyesha kile kioo. Akashangaa. "Hiyo ni ndege bwana, nawe wapanda basi! Tena leo si mlivuta nitroksi?" Nitroksi ilikuwa jambo jipya, hewa iliyoongezwa oksijeni na kupunguzwa naitrojeni, na watu waliizungumzia kana kwamba ni dawa ya kila kitu. Lakini kupunguza si kumaliza.

Hata mwenye duka, mama Mzungu mwenye roho nzuri, alisema basi halina neno. Angejuaje? Yeye Kenya yake ilikuwa ufuo. Mimi ndiye niliyejua kwamba kapicha kale hakana ugomvi na ndege, ugomvi wake ni kwenda juu, na kwetu ni juu. Kwetu ukungu unaingia mpaka jikoni. Ukitoka Nairobi, ambayo tayari iko juu, unazidi kupanda mpaka masikio yanaziba. Na nilikuwa nimemwona mgeni mmoja aliyekimbilia ndege kabla ya wakati wake. Walimshusha amebebwa, na mguu wake haukuwa mguu tena.

Nikaketi kitandani na mkoba wangu miguuni. Basi likaondoka bila mimi.

Ile kesho yake, mwanangu, simtakii hata adui yangu. Ilipofika saa nane nilivaa shati la kanisa, nikatoka nje, nikasimama nimeelekea upande niliodhani ndio wa nyumbani. Sikuwa na wa kusimama naye. Pwani nzima ile sikumjua mtu hata mmoja ambaye ningemwambia kwa lugha ya mama yangu kwamba sasa hivi baba anateremshwa. Mpishi akapita na sufuria yake. "Wewe Mkalenjin, wamngoja nani hapo juani?" Nikasema simngoji mtu. Akaenda zake. Nililia, na sioni haya kusema.

Jioni hiyo kapicha kakapotea, nikapanda basi. Nilipofika Kapsoit, mvua ilikuwa imeshausawazisha udongo. Ndugu yangu hakunipa mkono. "Mkataa kwao mtumwa," mtu akanong'ona makusudi nisikie. Nikaanza kueleza gesi, na povu, na kompyuta. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Hebu fikiria! Mtu mzima anakosa kumzika babake kwa sababu ya picha kwenye saa.

Baba mdogo, aliyemfuata baba kuzaliwa, alikuwa ameketi mlangoni amejifunika blanketi. Akawanyamazisha.

"Ungepanda basi lile la kwanza, ungekufa?"

"Labda. Au ningelemaa."

"Basi ulifanya vizuri kungoja. Kawia ufike. Hatukutaka kuchimba makaburi mawili." Akavuta blanketi. "Mimi neno langu ni lingine. Babako alipougua aliniuliza, 'Huyu kijana anafanya kazi gani huko?' Nikamwambia hoteli. Akauliza, 'Anafanya nini hotelini?' Nikakosa jibu. Kesho yake akauliza tena. Kila Krismasi unakuja hapa, unakula, unakunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, tukikuuliza unasema kazi ni kazi. Mzee amekufa hajui mtoto wake anatembea chini ya maji. Angefurahi, yule! Angewachosha watu wote wa kituo cha majani chai kwa hiyo hadithi."

Hilo ndilo lililonikata. Kosa la kuchelewa ningejitetea. Hili nilikosa pa kushika, kwa maana nilikuwa nimenyamaza kwa kuogopa tu kwamba watanicheka.

Sasa wewe unaenda Doha, mwenzako Nairobi, mwingine anashinda kwenye simu na kazi ambayo sisi wazee hatuijui jina. Mwanangu, kanuni ya kazi yako ukishaijua, ishike, hata wote wanaokupenda wakikuambia panda. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na wao hawajayafika. Lakini mficha uchi hazai. Ukija nyumbani, njoo na kazi yako mdomoni. Keti na babako, mweleze unachofanya kutoka asubuhi hadi jioni, na asipoelewa, mweleze tena. Wakikujua, siku ukikawia watakuombea badala ya kukuhukumu. Nami kama ningewaeleza mapema, ningekuwa nimesimama kule juani na watu wangu moyoni, si peke yangu vile.

Haya, nenda. Mungu akutangulie mabondeni na milimani, akurudishe na viungo vyako vyote, na awaweke wazee wako hai mpaka umalize kuwaambia.